Kengele ya Baiskeli Kitandani kwa Ami

Asalaam aleikum, hamjambo nyote, walioko Mombasa, walioko Lamu, walioko Tanga, na nyinyi wenzangu mlioko ughaibuni mnaoganda na baridi kama mimi wiki mbili zilizopita. Leo siko kule. Leo nko nyumbani, Kisauni, barazani kwetu, na mkiskia mapikipiki na huyu jogoo wa jirani mnisamehe, huyu jogoo hajui saa, tangu alfajiri awika tu. Halafu mtaskia kengele ya baiskeli, kriing kriing. Hapana baiskeli inayopita, hiyo ntawaeleza mbele.

Basi. Komenti za video iliyopita nusu yake ni swali moja, "dada kwani hasa huko wafanya kazi gani?" Manake mwaniona na ile yunifomu ya samawati mwadhani mi ni daktari. Mi si daktari jamani na sijawahi kusema. Mi ni nesi msaidizi, yule wa kumgeuza mgonjwa, kumuogesha, kumlisha, kumpeleka choo, kuandika mkojo umetoka kiasi gani. Na nafanyia kwenye hospitali ya maveterani, yani wanajeshi wastaafu wa Marekani. Ipi, mji gani, sitaji, kazi bado naitaka. Na huyo mgonjwa ntakayemsimulia nimembadilisha mambo mawili matatu asijulikane, sheria za kule za siri ya mgonjwa si za mchezo.

Kule maveterani wana wizara yao nzima, watu huiita VA tu, ina hospitali kama 170, na vituo vidogo vya matibabu zaidi ya elfu moja, waliojiandikisha kutibiwa ni zaidi ya milioni 9. Sasa nikija likizo vijana hapa wataka niwaambie habari za maroboti. Yapo. Kuna mkono wa bandia waitwa LUKE, ulipata kibali 2014, mwaka 2017 maveterani wawili wa kwanza wakapewa na VA, mtu ashika zabibu bila kuipasua. Kuna vyuma vya kuvaa miguuni vinamsimamisha mtu aliyepooza akatembea. Na 2019 Microsoft wakagawa vifaa vyao vya kuchezea gemu, vile vilivyotengenezewa watu wasioweza kushika kirimoti cha kawaida, kwa vituo 22 vya VA, wazee na vijana wanacheza gemu huku wanafanya mazoezi ya mikono bila kujijua.

Haya, hayo mkitaka mtayaona YouTube. Mi nataka kuwapa kisa cha goti.

Tulikuwa na mzee mmoja, alipigana Vietnam, huniita "Kenya" kwa sababu jina langu lilimshinda. Ana ALS, ule ugonjwa unaoua neva za misuli polepole, mikono yaondoka, miguu yaondoka, sauti yaondoka, lakini akili pale pale, akuangalia akuelewa kila kitu. Ugonjwa huo maveterani huupata zaidi kuliko watu wengine, na tangu 2008 serikali yao haiuhoji tena, mwanajeshi akiwa alitumikia siku 90 mfululizo akaupata basi wahesabiwa umetokana na jeshi na atibiwa. Sasa huyu mzee alipewa kompyuta inayofuata macho, wallahi ile mashine ni ajabu, aangalia herufi, herufi yajiandika, halafu mashine yasema kwa sauti. Mchana alikuwa akinitania nayo, aniuliza kama Kenya kuna barafu.

Lakini usiku? Usiku mzee alazwa ubavu, miwani yavuliwa, taa yazimwa, ile mashine yasukumwa pembeni. Kwa hiyo mashine ya maelfu ya dola yalala na mwenyewe yuko macho. Na kile kidude cha kumwitia nesi chataka kidole gumba, naye gumba hana. Akibanwa na kohozi saa nane usiku, atafanyaje? Tukawa twapita kila nusu saa kumchungulia, na nusu saa kwa mtu asiyeweza kupumua vizuri ni ndefu.

Usiku mmoja nlimuwekea redio, zile nyimbo za gitaa za wazee wao, nikaona shuka yacheza. Nikafunua. Goti la kushoto, mtu wangu, lagonga ndani, kidogo tu, kama mtu anayefuata ngoma. Kila kitu chake kimeondoka lakini lile goti bado lampigia makofi.

Kule kila asubuhi kuna kikao, dakika kumi na tano, wote mwasimama, hakuna viti ndo watu wasirefushe maneno. Daktari, manesi, mfamasia, therapisti wa kutembea, therapisti wa mikono na shughuli za nyumbani, wa kuongea na kumeza, yule injinia wa vifaa, na msimamizi wa usafi. Mi miezi yangu ya kwanza nlikuwa nasimama nyuma kama nguzo, manake nlivyolelewa, nesi msaidizi aongee mbele ya daktari, kwani yeye nani? Siku ile nesi mkuu akauliza, nani alikuwa naye usiku? Ikabidi. Nikasema goti latikisika. Nlidhani watacheka. Injinia akatoa kalamu akaniuliza, laenda ndani au nje? Kwa nguvu kiasi gani, laweza kusukuma kikombe kitupu? Nikasema kitupu ndio, chenye chai hapana. Mimi, wa Kisauni, naulizwa na injinia!

Jioni yake akaja na swichi pana kama kisahani cha kikombe, nyepesi, ukiigusa tu yaita. Mkono wa kuishikilia wakauchapisha kwa printa ya 3D, ukatoka rangi ya zambarau manake plastiki nyeupe ilikwisha, wakaufunga kwenye reli ya kitanda. Usiku wa kwanza mzee akaita mara kumi na moja. Mara mbili alikuwa na shida ya kweli, zile nyingine nadhani alikuwa afurahia tu. Sikukasirika.

Usiku wa tatu kimya. Nikashukuru Mungu amelala. Kumbe hakulala, swichi ilikuwa imegeuka yaangalia ukuta, goti lagonga hewa. Asubuhi mzee kaniangalia jicho hilo, sitalisahau.

Hapo sasa kila mtu na lake kikaoni, therapisti asema mkono wa plastiki ni dhaifu, injinia asema labda skrubu, wataka kuchapisha mwingine mnene zaidi. Msimamizi wa usafi akasema ngojeni, nimwite anayesafisha chumba kile. Akaja mama mmoja wa El Salvador, Kiingereza chake kama changu nlivyofika, akasema: kile kidude mi hukiinua kila siku, reli lazima nipanguse dawa, halafu hukirudisha ninapodhani. Hakuna aliyeniambia kilikuwa wapi.

Basi! Injinia wa watu kawa mwekundu. Na yule mama ndo akatoa dawa yenyewe, wekeni tepu nyekundu kwenye reli, na tepu nyekundu kwenye mkono, nikirudisha nakutanisha nyekundu kwa nyekundu. Tepu ya dola tatu. Swichi haijapotea mahali pake tena, na sasa vitanda vyote vyenye vifaa wodini kwetu vina tepu.

Sisemi kule ni peponi, msinielewe vibaya. Nimeona mgonjwa akingoja kiti cha umeme miezi, fomu yaenda yarudi, huyu hajasaini, huyu yuko likizo. Na kuna madaktari kikaoni wanaangalia simu mpaka mwisho. Lakini wana kitu kimoja nnachowaonea wivu, lile shindano lao. Tangu 2016 mfanyikazi yeyote wa VA aweza kupeleka wazo, na likifika fainali wakurugenzi wa hospitali ndo wanalipigania, huyu atoa wafanyikazi, huyu atoa muda, huyu atoa pesa, kama mnada wa samaki vile, wataka wazo la nesi liende hospitalini kwao. Yule mama nimemwambia apeleke tepu yake. Anacheka tu.

Na si mambo mapya haya. Ile fimbo ndefu nyeupe ya wasioona, mnaiona hata hapa mjini, namna ya kuipeperusha mbele kushoto kulia, ilitokana na vita vya pili vya dunia, hospitali ya jeshi ya Valley Forge huko Pennsylvania, na aliyeibuni hakuwa daktari wakati ule, alikuwa sajini Richard Hoover, kabla ya jeshi alifundisha shule ya vipofu. Alijifunga kitambaa machoni mwenyewe akawa atembea kujaribu. Mwaka 1948 VA wakafungua kituo cha kwanza cha kufundisha maveterani vipofu, pale Hines karibu na Chicago, na fimbo ikawa ndo somo. Halafu Rory Cooper wa Pittsburgh, yeye alikuwa mwanajeshi, akagongwa akiwa kwenye baiskeli Ujerumani 1980, akapooza, akasoma uinjinia, leo ana maabara yake na VA. Walitengeneza kiti kinachokwenda kwa hewa ya kushindiliwa, hakina betri hata moja, wakijaza kwa dakika kama kumi, na kwa sababu hakina umeme chaingia majini. Mi nliposoma hivo nliwaza ufuo wetu wa Pirates siku ya Idi pili, mtu na kiti chake ndani ya maji mpaka kifuani. Yani nliona kabisa.

Haya, kengele. Mmeiskia? Ndo hiyo sasa.

Ami yangu, ndugu yake baba, alikuwa akiendesha kreni bandarini, mwaka jana kiharusi kikampiga upande wa kulia wote, na maneno yatoka kama ana mahamri mdomoni. Nlipofika nlikuta ana wilichea, ya msaada, yang'aa, magurudumu ya mbele madogo kama ya troli ya supamaketi. Kutoka mlangoni kwetu hadi barabarani ni mchanga, ndugu zangu. Hatua tatu yazama. Na mlango wa chumba kiti hakipiti bila kung'oa vile vya kuwekea miguu. Kwa hiyo kile kiti kimekuwa kabati, kimejaa nguo za kupigwa pasi. Aliyekileta hakuuliza mchanga, hakupima mlango, alipiga picha akaenda. Na Ami akitaka kitu apiga ukuta kwa kiganja, shangazi yuko jikoni na mafuta yachemka, watoto wana TV, nani atamskia?

Nikasema tufanye kikao. Wakanicheka, mamerikani amekuja. Tukasimama hapa hapa barazani, mi, shangazi, fundi wa baiskeli wa pale kona, mpwa wangu wa miaka tisa, na dada anayetusaidia kazi, yeye alikuwa amesimama nyuma kama nguzo. Nlimtambua haraka.

Mpwa ndo alisema kengele ya baiskeli. Fundi akachukua mia mbili na hamsini na kengele ndani yake. Sasa kengele yashika bomba la mviringo, kitanda cha Ami ni cha mvule, miguu miraba, ikabidi fundi akate kipande cha usukani mkuukuu akakipigilia skrubu ubavuni mwa kitanda, mkono wa kushoto. Akatia na vijiko viwili akavizungushia vipande vya tyubu mpaka mshikio ukawa mnene, Ami ashika uji mwenyewe, amwaga nusu, nusu yaingia, alhamdulillah.

Usiku wa kwanza kengele haikulia. Nikajua. Nilienda na tochi, na Ami kanitolea jicho lile lile la yule mzee wa Vietnam, haki ya Mungu. Asubuhi sikumuuliza fundi, nikamuuliza dada wa kazi. Akasema, kwa sauti ya chini, mi huchomeka chandarua chini ya godoro pande zote, kengele yabaki nje. Hakuna aliyeniuliza.

Tumeihamishia juu kichwani, ndani ya chandarua. Kesho kutwa inshallah nakipeleka kile kiti Bombolulu, pale kwa mafundi wenye ulemavu ambao tangu 1969 wanatengeneza vito na mikoba na kazi za mbao, niwaulize nani ajua magurudumu ya mchangani, manake wao wanavikalia, hawahitaji kuhadithiwa. Mkijua fundi mwengine Mombasa andikeni kwenye komenti, na mseme bei, msiniambie "njoo inboksi".

Kriing. Mwaiskia? Shangazi atishia kuing'oa, asema tangu juzi Ami aita chai, aita habari za saa moja, jana aliita kuuliza kama mvua yanyesha na dirisha li wazi.

Kriing kriing kriing.

Naam Ami! Naja! Ngojeni, shikilia simu wewe, usiizime, aa umeshai