Kucheza na Kuchezea

Swali letu: kazi ya sanaa inakuwa gemu lini? Jibu langu nimeshalisema mara nyingi na baadhi yenu humu mmelisikia, lakini nitalirudia. Mwaka jana nilikaa na majaji wenzangu kutazama kazi ya kijana mmoja. Unaingia kwenye nyumba aliyoichora kwenye kompyuta, na kila mlango unaoufungua, mwingine unajifunga, haufunguki tena. Swali la kwanza mezani: mshindi nani? Hakuna mshindi. Basi si gemu, ikawekwa kando. Jamani! Watoto wakishikana mikono wakaimba ukuti ukuti, mshindi wao nani? Hayupo. Lakini mmoja akiachia mkono, duara limekatika, na wenzake watamgombeza.

Lugha yetu ilishatupa kipimo. Mtoto anacheza bao; mtoto anachezea kete. Msiniambie kwamba mwanasoka naye anachezea timu, maana hiyo ni kwa niaba ya timu. Nasema ile ya mama anayekemea: acha kuchezea moto!

Sasa twende London, 1966. Msanii Yoko Ono aliweka sataranji ambayo kete zote ni nyeupe, zako na za mwenzako, na ubao wote mweupe. Cheza maadamu unakumbuka zako ziko wapi. Hatua za mwanzo hazina taabu, kwa kuwa kila jeshi bado liko kwake. Zikifika kumi na kitu, farasi wawili wamesimama katikati, wamekaribiana. Unanyoosha mkono, kidole kinagusa kichwa cha farasi, kinasita. Huyu wangu? Unamtazama mwenzako usoni, naye hajui.

Hapohapo mchezo umekufa. Mikono bado inaweza kusogeza kete mpaka magharibi, na kazi imebaki nzuri, pengine ndiyo kwanza imeanza kusema ilichotaka kusema kuhusu vita na adui. Lakini hatua haimfungi mtu tena. Mlikuwa mnacheza, sasa mnachezea.

Mtasema ni kwa sababu ya rangi moja. Hapana. Tazameni bao letu: mashimo 32, kete 64, komwe za kijivu zisizo na alama yoyote, na hakuna aliyewahi kuuliza hii ya nani. Iliyo upande wako ni yako. Ukiila ya mwenzako ukaisambaza kwako, imekuwa yako. Na ukiwa na mtaji, yaani nafasi ya kula, ni lazima ule, hata kama moyo wako hautaki. Kwa hiyo sitafuti rangi, wala alama, wala mshindi. Natafuta kitu kimoja: nilichokifanya sasa kinabadilisha ninachoruhusiwa kufanya baadaye, na tuliokaa hapa tumekubali iwe hivyo. Nyumba ya yule kijana ilikuwa nacho. Ilikuwa gemu, na tuliikosea haki.

Ukuta wa taa unaowaka ukipunga mkono hauna kitu hicho. Unauchezea. Na kuchezea si tusi, naomba mnielewe. Ipo sanaa kubwa sana ya kuchezewa tu.

Muda unanikimbia. Mwanafalsafa Bernard Suits, 1978, aliandika kwamba kucheza ni kujitwika kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Nilitaka nimjadili kwa kirefu, haiwezekani leo. Jumba la sanaa la MoMA la New York mwaka 2012 lilichukua gemu 14, Tetris na Pac-Man zikiwemo, lakini pale swali lilikuwa kama gemu ni sanaa, ambalo si hili letu. Dear Esther, ile kazi ya kompyuta ya kutembea kisiwani huku sauti ikisoma vipande vya barua: kwangu si gemu, maana nikipita kushoto au kulia sifungiki na lolote. Najua wapo humu wanaokataa. Tukutane kwenye chai.

Pale ukumbini nimeweka bao, na pembeni yake sataranji niliyoipaka rangi nyeupe yote. Kaeni wawili wawili. Ukifika hatua ya ishirini bado unawajua farasi wako, niite.