Andika ulichokiona: majibu ya kapsuli ya utumbo mwembamba

Ndugu zangu madaktari, wauguzi, na nyinyi wanafunzi mliokosa viti huko nyuma, kapsuli mnaijua, kile kidonge chenye kamera kinachomezwa na kupiga picha utumbo, sitairudia. Naanza na karatasi ya majibu.

Mgonjwa ni mama wa makamo. Damu inapungua, anaongezewa, inapungua tena. Kapitishwa mpira wenye kamera (endoskopia) juu na chini, hakuna kilichopatikana. Kameza kapsuli. Majibu yakaja na mstari mmoja: "Wekundu umeonekana sehemu kadhaa za utumbo mwembamba." Wekundu gani? Kapsuli imepiga picha kwa saa 8, picha kama 50,000, mtu kakaa kuzipitia, halafu mimi ninayetakiwa kuamua kama huyu mama akaunguzwe mshipa au arudi nyumbani na vidonge vya madini ya chuma, napewa neno hilo tu!

Wekundu si kitu kimoja. Kuna angiektasia, vimishipa vya damu vilivyotanuka: ni bapa, nyekundu ya kukoza, mpaka wake unaonekana wazi, na ukiikuza picha unaviona vimishipa vimejipinda na kusongamana ndani yake. Kuna nukta nyekundu, haifiki milimita 1, wala haina mshipa ndani. Kuna baka jekundu, nalo ni bapa na halina mishipa. Na kuna flebektasia, yenye rangi ya bluu, imeinuka kidogo, ni vena iliyotanuka chini ya utando wa ndani wa utumbo. Maelezo haya sikuyatunga mimi. Wataalamu wa nchi mbalimbali waliyapigia kura, duru baada ya duru, yakachapishwa mwaka 2019. Angiektasia halisi tunaiweka daraja la P2, maana yake inashukiwa sana kuwa ndiyo inayovuja. Nukta nyekundu ni P1, huwezi kuisingizia damu yote ile. P2 inampeleka mgonjwa kwenye endoskopia ya puto mbili, mpira mrefu unaofika ndani ya utumbo mwembamba; P1 inaweza kumwacha kwanza chini ya uangalizi. Sasa niambieni, "wekundu" ni P ngapi?

Najua kuna wanaosema moyoni: mbona miaka yote kitu hicho hicho tuliandika angiodisplasia, mwenzetu akaandika telanjiektasia, mwingine akaiita hitilafu ya ateri na vena, na kazi ikaenda? Haikwenda. Hitilafu ya ateri na vena ni ugonjwa mwingine kabisa. Na ukikusanya majibu ya hospitali tatu zenye lugha tatu, huwezi kujua nani ana wagonjwa wengi wa nini.

Tena sikilizeni hili, nalisema kila ninapopewa kipaza sauti. Ukipitisha mpira tumboni ukaona kitu ukakiita jina lisilo lake, unachukua kinyama cha kupimwa, maabara inakusahihisha. Kapsuli haichukui kinyama. Inapita, inatoka na choo, basi. Kinachobaki ni picha na maneno yako, na wengi tunaopokea majibu, picha hatuzioni. Nani atakusahihisha?

Ndiyo maana napigana na majibu yanayoanza na jina la ugonjwa. "Ugonjwa wa Crohn." Umeona Crohn, ule ugonjwa wa kudumu unaouvimbisha utumbo? Hapana, umeona vidonda vinne kwenye iliamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba! Vidonda hivyo vinaweza kuwa vya Crohn, vinaweza kuwa vya diklofenaki anazomeza kwa maumivu ya magoti, na kwetu Afrika Mashariki vinaweza kuwa kifua kikuu cha utumbo. Ukimwandikia Crohn, atakayempokea akamwanzishia steroidi, dawa zinazoshusha kinga ya mwili, na kumbe ni kifua kikuu, umemfungulia ugonjwa mlango. Andika: ni mmomonyoko wa afta (kichubuko kidogo cha utando), ni kidonda cha juujuu, au ni kidonda cha kina. Ni vingapi, vina ukubwa gani, utumbo umebana au haukubana. Maneno ya vidonda na kasoro za utumbo kuwaka na kuvimba nayo yalikubaliwa, mwaka 2020. Ugonjwa unaoudhania uweke mwisho, kwenye mstari wake.

Kuna atakayesema kapsuli kwetu ni chache na ghali, haya ni mambo ya Ulaya. Haswa kwa sababu ni ghali! Huyu mama hatamudu kuirudia. Na minyoo ya safura ukiiona imeng'ata ukuta wa utumbo, iandike kwa jina lake, usiniandikie "kitu chembamba cheupe".

Muda unaniishia, mwenyekiti kashaonyesha saa. Msamiati wa kapsuli upo tangu 2005, umejengwa juu ya ule wa endoskopia ya kawaida, unakwenda kwa mpangilio: tundu la utumbo, kilichomo ndani, utando, kisha kasoro bapa, zilizoinuka, zilizochimbika. Ufuateni. Alama za Lewis, za kupima utumbo umewaka na kuvimba kiasi gani: chini ya 135 ni kawaida, zaidi ya 790 ni kuvimba kwa kati hadi kukali; lakini hizo ni za kupima ukali, hazikwambii chanzo. Programu za kompyuta za kutambua vidonda nilitaka kuziongelea, niseme tu kwamba zinajifunza kutokana na majina tunayobandika sisi kwenye picha.

La mwisho ni muda. Andika saa na dakika ya picha ya kwanza ya duodeni (mwanzo wa utumbo mwembamba), ya kasoro yenyewe, na ya kuingia sekamu (mwanzo wa utumbo mpana). Bila hizo tatu, daktari wa puto mbili hajui aingilie mdomoni au njia ya haja kubwa. Nani ana swali?