Alama Ndogo juu ya RNA na Saratani ya Matiti

Wahadhiri wenzangu, wauguzi, wanafunzi, na akina mama mliotoka katika vikundi vya waliopona saratani, asanteni sana kwa kuitika wito.

Nimeombwa nizungumzie methili, alama ndogo ya kikemikali, na RNA, nakala ya jeni inayobandikwa alama hiyo, na nitaanzia kwenye ubishi. Ukisoma tafiti za miaka ya karibuni, utakuta moja inaonyesha kwamba seli za saratani ya matiti hunawiri alama za methili zinapoongezwa, na nyingine inaonyesha kwamba hunawiri alama hizo zinapofutwa. Zote mbili ni kazi nzuri. Jioni hii nataka tuelewe jinsi zote mbili zinavyoweza kuwa kweli, na jambo hilo linatuhusu vipi sisi tunaotibu uvimbe wa wanawake wa hapa kwetu.

Jeni hukaa kwenye DNA ndani ya kiini cha seli. Seli ikihitaji protini, hunakili jeni husika kwenye RNA mjumbe, na nakala hiyo hutoka kiinini kwenda kwenye ribosomu, ambako protini hutengenezwa. Mwaka 1974, wanasayansi nchini Marekani waliokuwa wakichunguza seli za saratani ya ini ya panya waliona kwamba baadhi ya adenosini, zile herufi A za RNA, zimebandikwa kundi dogo la methili: kaboni 1 na haidrojeni 3. Alama hiyo huandikwa m6A. Haibadilishi herufi. A inabaki A, na protini itakayotoka ni ileile. Waliosoma madrasa watanielewa upesi: ni kama alama za waqfu kwenye msahafu, herufi hazibadiliki, ila msomaji anaambiwa hapa simama, hapa endelea. RNA yenye alama inaweza kuvunjwa mapema, kusomwa kwa wingi, au kuharakishwa kutoka kiinini.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikushughulikiwa sana. Mwaka 2011 maabara ya Chuan He, Chicago, ilionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho FTO huweza kuifuta alama hiyo. Ikawa wazi kwamba kinachoandikwa kinafutika, na kinachofutika kinaweza kudhibitiwa. Mwaka uliofuata zikatoka ramani za kwanza za alama hizi kwenye maelfu ya jeni za binadamu.

Tangu hapo vimeng'enya na protini zinazohusika hugawanywa katika makundi. Waandishi, METTL3 na mwenzake METTL14, hubandika. Wafutaji ni FTO na ALKBH5. Wasomaji, hasa ukoo wa YTH, huitambua alama na kuamua hatima ya RNA. YTHDF2, kwa mfano, huipeleka RNA ikavunjwe.

Sasa tuingie ndani ya uvimbe. Uvimbe unaokua haraka huishiwa oksijeni katikati, kwa sababu mishipa ya damu haiwahi kuufikia wote. Seli zenye njaa hiyo huamsha protini ziitwazo HIF. Mtu aliyezifuatilia tangu mwanzo ni Gregg Semenza wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019 pamoja na wenzake wawili. Mwaka 2016 kundi lake lilitoa utafiti ambao kila mwanafunzi hapa anapaswa kuusoma. Walizinyima oksijeni seli za saratani ya matiti. HIF zikaamka, zikapandisha ALKBH5, yule mfutaji. ALKBH5 akafuta alama kwenye RNA ya jeni iitwayo NANOG. Bila alama, RNA hiyo ikadumu zaidi, protini ya NANOG ikaongezeka, na seli zenye tabia ya seli shina za saratani zikawa nyingi. Hizo ndizo seli zinazoweza kuanzisha uvimbe upya, na ndizo tunazozihofia mgonjwa anapomaliza tibakemikali na ugonjwa ukarudi. Watafiti walipopunguza ALKBH5, seli hizo zilipungua kwenye uvimbe wa panya. Hapa, kufuta alama ndiko kulikoisaidia saratani.

Mwaka 2018 kundi jingine likaonyesha upande wa pili. Protini HBXIP huinyamazisha RNA ndogo iitwayo let-7g, ambayo kazi yake ni kumzuia METTL3. METTL3 akishafunguliwa, hubandika alama kwenye RNA ya HBXIP yenyewe, na HBXIP huongezeka. Mduara unajilisha, seli zinaongezeka. Hapa mwandishi ndiye mshirika wa saratani.

Mimi sioni mgongano hapo. Alama haina wema wala ubaya wake yenyewe. Uzito uko kwenye RNA iliyobandikwa na msomaji aliyeikuta. Anayewaambia kwamba m6A "husababisha" au "huzuia" saratani ya matiti, mwulizeni: kwenye RNA ipi, na katika saratani ya aina gani?

Swali la pili ndilo linalonigusa zaidi. Saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Ipo yenye vipokezi vya estrojeni, yaani protini zinazoipokea homoni hiyo, ipo yenye wingi wa HER2, protini inayoichochea seli kukua, na ipo ile isiyo na vipokezi vya estrojeni, vya projesteroni, wala wingi wa HER2, tunayoiita hasi-tatu. Hii ya mwisho huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na mara nyingi wakiwa bado vijana. Mwaka 2021 watafiti wa San Diego walionyesha kwamba seli za hasi-tatu zinazoendeshwa na jeni MYC humtegemea msomaji YTHDF2. Akiondolewa, seli hulemewa na protini zake zenyewe na kufa. Ni habari ya kutia moyo. Lakini seli zinazotumika zaidi maabara duniani, MCF-7 na MDA-MB-231, zilitoka kwa wanawake wawili wazungu wa Marekani miaka ya 1970. Tunawashukuru wanawake hao. Hata hivyo hawawezi kutusemea sote.

Akina mama, mtaniuliza kama kipo kipimo cha alama hii hospitalini. Hakipo. Matibabu yenu leo yanaamuliwa na vipokezi, na dawa kama tamoksifeni zimethibitishwa. Msiziache kwa kusubiri hili. Dawa ya kumeza inayomzuia METTL3, iliyotengenezwa Cambridge, Uingereza, ilianza kujaribiwa kwa wagonjwa mwaka 2022, na majaribio si tiba.

Kwenu wapasuaji na wanapatholojia, nina ombi. RNA huharibika upesi. Uvimbe ukikatwa saa nne asubuhi ukakaa kwenye beseni hadi mchana, hakuna maabara itakayousoma vizuri, hata vipokezi vyenyewe vitapimwa kwa mashaka. Uingie kwenye fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama ya uvimbe, ndani ya saa 1, ukae humo kati ya saa 6 na 72, si wiki nzima. Na mgonjwa akiridhia kwa hiari, kipande kidogo kitengwe kwenye kihifadhi cha RNA kabla ya fomalini, kiandikwe muda kilipokatwa, kipelekwe kwenye jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri. Mafundi wa maabara mliopo hapa mnajua ni umeme na nidhamu ya kuandika saa ndivyo vinavyotushinda. Tuanze na kuandika saa.