Taima Inayojirudia Lazima Iwe na Mwenyewe

Ndugu wanafunzi, na walimu wenzangu mliokuja kusikiliza, leo nitazungumza juu ya amri moja tu ya lugha ya JavaScript. Amri hiyo ni setInterval, ambayo hukabidhi kivinjari fanksheni, yaani kipande cha msimbo kinachoweza kuitwa kifanye kazi, pamoja na idadi ya milisekunde, nacho kikaendelea kuiita fanksheni hiyo kila muda huo unapotimia, mpaka kiambiwe kiache. Mpango huo wa kuita kwa kujirudia ndio ninaouita taima. Ninalotaka mlishike ni kwamba kila taima lazima iwe na mwenyewe, yaani sehemu moja ya msimbo inayoianzisha, inayotunza namba yake na inayoizima.

Namba hiyo ndiyo hupuuzwa. Amri ya setInterval hurejesha namba ya utambulisho, na bila namba hiyo clearInterval, yaani amri ya kuzima taima, haina cha kuzima. Chukueni ukurasa unaoonyesha foleni ya wateja, wenye kitufe cha Anza kinachofanya seva iulizwe kila baada ya sekunde 5. Kitufe kikibonyezwa mara moja, seva huulizwa mara 12 kwa dakika. Mtumiaji akidhani hakijashika, akabonyeza tena mara mbili, taima tatu hufanya kazi kwa pamoja na maombi hufika 36 kwa dakika, ilhali kigeu, yaani mahali msimbo unapotunza namba hiyo, kimebaki na namba ya taima ya mwisho peke yake. Akibonyeza Simamisha, moja huzimika. Mbili huendelea mpaka ukurasa ufungwe au upakiwe upya. Niliwahi kukesha nikichunguza seva kwa sababu ya kosa la namna hii, nalo lilikuwa kwenye kitufe.

Kwa hiyo, kabla ya kuanzisha taima mpya, izimeni kwanza ile iliyomo kwenye kigeu. Amri ya clearInterval haileti kosa hata kama hakuna cha kuzima. Vilevile, kuondoa kipande cha ukurasa hakuzimi taima yake, na data ambayo fanksheni yake inaitumia huendelea kukaa kwenye kumbukumbu.

Jambo la pili ni gumu zaidi. JavaScript huendesha msimbo wa ukurasa kwenye uzi mmoja, yaani kazi moja baada ya nyingine, hivyo fanksheni mbili za kawaida hazipishani katikati, lakini ombi la mtandao husubiriwa nje ya uzi huo na setInterval hailingojei. Mtandao ukiwa mzito, jibu likachukua sekunde 8, ombi jipya huondoka kabla la kwanza halijarudi, na jibu la zamani linaweza kufika baada ya jipya, foleni ikaonekana kurudi nyuma. Hapa mimi huacha setInterval, nikatumia setTimeout, amri inayoita fanksheni mara moja tu, inayopangwa upya pale tu kazi inapokwisha, iwe imefaulu au imeshindwa. Angalieni sana, kwa maana mtumiaji akisimamisha wakati jibu bado liko njiani, clearTimeout, amri ya kuizima, haisaidii, kwa kuwa taima hiyo imekwisha kulia, yaani imeshaiita fanksheni yake. Ni lazima pawepo kigeu kinachosema kazi imesimamishwa, nacho kikaguliwe kabla ya kupanga zamu inayofuata.

Msihesabu milio ili kujua muda uliopita. Kichupo kikifichwa, vivinjari hupunguza kasi ya taima, na Chrome tangu toleo la 88 la mwaka 2021 huweza kuziruhusu mara moja tu kwa dakika kwenye kichupo kilichofichwa kwa muda mrefu. Saa ya kuhesabu kurudi nyuma itunze wakati wa mwisho, kisha kila zamu itoe tofauti yake na wakati uliopo.

Mwisho, muda mrefu kabisa unaokubalika ni milisekunde 2,147,483,647, yaani siku 24 na saa kadhaa. Anayeandika siku 30 hupitiliza kiwango hicho, na kivinjari huugeuza muda huo kuwa sifuri, taima ikaanza kulia papo hapo na mfululizo. Mwenye haja ya siku 30 ahifadhi tarehe, kisha taima ya dakika moja iwe inaikagua.