Kupanda Ndege Mara ya Kwanza Ukienda Intavyu Mombasa

Hamjambo, na karibuni tena. Leo kamera nimeielekeza kwenye meza yangu ya kulia chakula. Mezani kuna begi dogo la mgongoni, faili ya vyeti, mshipi, pawabanki, kalamu mbili, na chupa ya maji iliyokunjamana. Chupa hiyo tutaifikia, msinisumbue nayo kwa sasa.

Video hii ni yako wewe unayeishi hapa Nairobi, umeitwa intavyu Mombasa, na hujawahi kupanda ndege. Nimeulizwa maswali haya na majirani hata nikaona afadhali nirekodi. Wengi huuliza ya angani tu: ikitikisika je? Injini ikizima je? Ndugu yangu, angani ni kama saa moja tu, na huko mwenye kazi ni rubani. Kazi yako wewe iko chini, kuanzia kitandani hadi mlango wa ndege, na hapo ndipo nimeona watu wakikosa intavyu.

Kabla hujagusa pesa, hakikisha hiyo kazi ipo. Ukiambiwa utume elfu mbili za "fomu", au nauli ya "tiketi tutakayokukatia", kwa namba ya simu ya mtu binafsi, hapo hakuna kazi, kuna mkora. Tafuta mwenyewe namba ya ofisi, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe, upige uulize. Wakikuthibitishia, usikate simu. Uliza kama nauli inarudishwa, halafu uliza ofisi iko upande gani wa Mombasa. Usione haya, wanaoitwa kutoka mbali huuliza. Na kama nauli inarudishwa, weka kila risiti, hata ya teksi.

Haya, tiketi. Utaikata kwenye tovuti ya shirika la ndege na utalipa kwa M-Pesa kama unavyolipa stima. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi. Kama kitambulisho kinasema Mohamed, usiandike Mohammed eti ndivyo unavyojiita Facebook. Kurekebisha jina baadaye kunaweza kukugharimu, na kubishana na mtu wa kaunta alfajiri ya siku ya intavyu si mwanzo mzuri wa siku.

Kabla ya kubonyeza "lipa", angalia herufi tatu tatu zilizo kwenye tiketi. NBO ni Jomo Kenyatta, kule Embakasi. WIL ni Wilson, kando ya barabara ya Lang'ata. Jirani yangu mmoja alifika Wilson amenyoosha shati, viatu vinang'aa, na ndege yake ilikuwa Embakasi. Kwenye ramani si mbali. Sasa jaribu kutoka Lang'ata kwenda Embakasi Jumatatu saa moja asubuhi, mvua ikinyesha.

Upande wa pili pia uangalie. MBA ni uwanja wa Moi, Mombasa. UKA ni Ukunda, karibu na Diani. Ndiyo maana nilisema uulize ofisi iko wapi. Kazi za hoteli nyingi ziko Diani, na mtu huruka hadi Moi kisha akaanza safari nyingine ndefu ya barabarani hadi Diani, wakati kulikuwa na ndege ya kumshusha Ukunda. Linganisha bei zote mbili kabla ya kuamua.

Jambo jingine ni saa. Tiketi haisemi Kiswahili. Ikiandika 06:45, hiyo ni saa moja kasorobo asubuhi. Ikiandika 13:10, ni saa saba na dakika kumi mchana. Ukiona 07:00 ukamwambia dereva wa teksi "niko na ndege saa saba", atakuja mchana na hana kosa. Mimi humtumia dereva picha ya tiketi na kumwambia saa kwa Kiswahili, vyote viwili.

Sasa tuhesabu kwa kurudi nyuma. Intavyu ni saa tano. Unataka kuwa mapokezi saa nne na nusu. Kutoka uwanjani hadi ofisini jipe saa moja na nusu, kwa sababu uwanja wa Moi uko bara, upande wa Changamwe, na malori ya bandarini hayajui kwamba una intavyu. Hapo tumefika saa tatu, ndipo uwe unatoka nje ya uwanja. Ndege basi iwe imeruka Nairobi kwenye saa moja na nusu. Wewe uwe umefika uwanjani saa kumi na moja na nusu. Umetoka nyumbani saa kumi na nusu. Umeamka saa tisa na nusu usiku, kama ulilala. Na hiyo ni kama ndege haikuchelewa. Mwezi wa Julai, asubuhi nyingi za Nairobi wingu huwa limelala chini kabisa, na ndege zinaweza kungoja lipande.

Kwa hiyo shauri langu ni nenda jana yake jioni. Lala kwa shangazi, lala kwa rafiki wa chuo, lala kwenye chumba cha bei nafuu. Najua ni gharama. Lakini mtu aliyeamka saa tisa usiku, akafika kwa mbio, ndiye huyohuyo anayeulizwa "tueleze kuhusu wewe" akasahau hata alisomea wapi.

Tupange begi. Tiketi nyingi za bei ya chini zinakupa begi moja la mkononi tu, mara nyingi kilo 7, kwa hiyo soma yako inasema nini. Mimi begi langu hupimwa na mama wa duka hapa chini, kwenye mizani yake ya sukari.

Kitambulisho, vyeti vyako halisi, nguo ya intavyu na viatu, hivyo haviachani nawe. Usivitie kwenye begi la kukabidhi kaunta. Nasema kwa uchungu. Safari yangu ya kwanza nilikabidhi begi lenye vyeti na viatu, nikaingia ndegeni na raba, mikono mitupu, najiona mjanja. Begi likaja na ndege iliyofuata. Nilikaa mbele ya watu watano nimevaa suruali ya suti na raba za rangi ya chungwa, nikieleza kwamba digrii yangu iko njiani. Wakacheka, mimi nikacheka, kazi sikupata.

Pawabanki nayo huwekwa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye la kukabidhi, kwa sababu betri zake zikishika moto ni lazima mtu aone. Kiwango cha juu ni wati-saa 100. Hii yangu iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo inapita. Mkasi, wembe na kisu cha matunda, acha nyumbani.

Sasa kalamu na chupa. Sogea karibu uone. Chupa hii nilikunywa maji yake ndegeni, nikaifunga kifuniko tukiwa juu. Tulipotua Mombasa nikaikuta hivi, imenywea kana kwamba mtu ameiminya. Hakuna aliyeigusa. Ndani ya ndege hewa huwa kama ya mlimani, mita 1,800 hadi 2,400 hivi. Uwanja wetu wa Embakasi wenyewe uko mita 1,624, ndiyo maana mtu wa Nairobi akipaa hasikii jambo kubwa. Kushuka ndiko kwenye kazi, kwa sababu unashuka hadi usawa wa bahari. Hewa ya pwani ni nzito, ile ya ndani ya chupa ni nyepesi, chupa inabanwa.

Masikio yako nayo ni hiyo chupa. Ukisikia ndege imeanza kushuka, usilale. Tafuna chingamu, mumunya peremende, meza mate kila mara. Yakiziba, bana pua, funga mdomo, pulizia polepole hadi usikie "pu". Polepole, hupulizi jiko la makaa. Ukiwa na mafua makali utaumia zaidi, na hiyo ni sababu nyingine ya kwenda jana yake, ili usiingie kwenye chumba cha intavyu ukiuliza "eh? umesemaje?"

Kalamu ni hadithi hiyohiyo kinyume chake. Mnapopanda juu, hewa iliyo ndani ya kalamu inatanuka na kusukuma wino nje. Usiiweke mfuko wa shati jeupe. Itie kwenye karatasi ya nailoni ndani ya... samahani, mifuko ya nailoni ilipigwa marufuku mwaka wa 2017, nimezeeka. Ifunge kwa tishu.

Nguo: usisafiri na suti mwilini. Vaa shati jepesi, suti uikunje juu kabisa ya begi. Ukitoka ndegeni joto la Mombasa linakupokea mlangoni kama mvuke wa sufuria ya ugali, na ile suti nzito uliyonunua kwa sababu ya baridi ya Nairobi itakuwa imelowa kabla hujafika kwenye gari.

Siku imefika. Mchana, matatu ya namba 34 kutoka mjini inakupeleka hadi uwanjani. Alfajiri, tafuta teksi unayoiamini, uiagize usiku. Ukitoka Westlands au mjini, ile barabara ya juu ya kulipia inakuokoa na Mombasa Road. Mwambie dereva ni terminali gani, kwa sababu kuna 1A hadi 1E, na kuna ya 2. Imeandikwa kwenye tiketi.

Kabla ya kufika kwenye majengo kuna kizuizi cha ukaguzi. Hapo abiria mnaweza kuambiwa mshuke, mpite kwa miguu kwenye mashine, na dereva apitishe gari peke yake kisha awangoje mbele. Usiogope, hujakamatwa. Lakini shika namba ya gari kichwani. Mimi niliingia kwenye Vitz nyeupe, nikafunga mkanda, nikamwambia dereva "haya twende". Mzee akanigeukia: "Mama, wewe ni nani?" Vitz nyeupe zote ni ndugu.

Mlangoni mwa terminali unakaguliwa tena. Kisha kaunta, unatoa kitambulisho unapewa pasi ya kupandia ndege. Kisha ukaguzi mwingine. Hapo toa mshipi, saa, sarafu, simu, kompyuta, wakikuambia viatu navyo toa, weka vyote kwenye trei. Sasa angalia kitu hiki kidogo: kitambulisho na pasi usivitupe kwenye trei vikiwa peke yake. Vitie ndani ya begi, ufunge zipu. Watu wanavaa mshipi kwa haraka, suruali inateleza, aibu imewashika, kitambulisho kinabaki kwenye trei na kurudi kule kilikotoka.

Ukishapita, nenda moja kwa moja hadi geti lako. Uione kwa macho, ndipo utafute chai. Geti hubadilishwa, kwa hiyo sikiliza matangazo. Na ukiwa hujui, uliza. Hakuna anayejua kwamba ni mara yako ya kwanza, na hata akijua, ana haja gani?

Kiti: ukiweza kuchagua, chukua F, dirishani upande wa kulia. Ukienda Mombasa na mawingu yakikuhurumia, utaona Kilimanjaro, mita 5,895, kilele kimekaa juu ya mawingu kama kibandiko. Wengine watakushauri ukae kiti cha ujiani ili ushuke haraka. Wapuuze, mara ya kwanza haiji mara mbili.

Ndege ikishapaa utasikia "gudum" chini ya miguu. Ni magurudumu yanaingia ndani. Kidogo baadaye mngurumo wa injini unapungua ghafla, na hapo ndipo wageni hushika kiti kwa mikono miwili. Haijazima. Rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kurukia haihitajiki tena. Bawa nalo utaliona likipindapinda. Limetengenezwa hivyo. Funga mkanda muda wote unapokaa, na upitie majibu yako.

Mkishatua, toa simu kwenye hali ya ndegeni mara moja, maana huenda ofisi inakutafuta. Badilisha nguo msalani hapo uwanjani, kisha tafuta gari. Kisiwani ni kupitia Makupa. Nyali utavuka na daraja jingine tena. Na lile "niaje" letu liache Nairobi. Mbele ya wazee wa Mombasa, anza na salamu, nyingi, tena usikimbilie shughuli yako.

Mwisho, mlangoni mwa ofisi askari atakuomba kitambulisho, na kwenye majengo mengine atakiweka kwenye boksi na kukupa kadi ya mgeni. Ukitoka, hata kama intavyu imekwenda vizuri kiasi cha kukupa wazimu, hata kama imekuliza, mrudishie kadi yake uchukue kitambulisho chako. Ndicho utakachoulizwa jioni kwenye kaunta, na bila hicho hurudi Nairobi kwa ndege.