Mlonge hauzibi moshi wa zebaki

Wazee wangu shikamooni. Vijana wa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, poleni na kazi. Nimeitwa hapa Geita niseme habari ya majani yanayosafisha figo. Nitasema, ila kwanza tupite jikoni.

Mama ametoka mwaloni, kule mnakooshea dhahabu, na kidonge cheupe, dhahabu na zebaki zimeshikana. Anakiweka kwenye bati juu ya jiko la mkaa, nyuma ya nyumba. Punde kimegeuka cha njano. Zebaki imekwenda wapi? Hewani, haionekani wala hainuki. Katika mvuke anaouvuta, kama asilimia 80 hubaki mwilini, na nyingi huishia kwenye figo. Mle mna vijifereji vya kurudisha mwilini maji, chumvi na sukari. Zebaki inapenda salfa, na protini za vijifereji hivyo zina salfa. Ikizing'ang'ania, seli zinakufa, protini inavujia kwenye mkojo; ndipo mtu anaona mkojo una povu.

Haya, majani. Mlonge, kitunguu saumu, manjano: vyote vimejaribiwa kwa panya waliolishwa metali zenye sumu: zebaki, risasi au kadimi. Si porojo. Mara nyingi kretinini, uchafu wa damu unaopanda figo zikidhoofika, kwa panya waliopewa dondoo, yaani maji yaliyokamuliwa kwenye mimea hiyo, haipandi sana kama ya wenzao waliopewa sumu tu, na figo zao chini ya hadubini hazijachakaa sana. Lakini tazameni kinachofanyika maabara. Panya wengi huanza kunyweshwa dondoo kabla ya sumu, au siku ileile, kwa miligramu zilizopimwa kwa uzito wake, na sumu yenyewe ni ya wiki chache tu. Nani hapa alianza mlonge kabla hajashika zebaki? (Kicheko.) Nanyi mmechoma miaka kumi. Tena mlonge wenyewe mnauchuma pembeni ya marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, na vumbi la karasha, mashine ya kusaga mawe, limetua juu ya majani!

Mzee pale kauliza kama maziwa yanazuia sumu hii. Mzee wangu, kunywa, ni chakula. Ila maziwa yanakwenda tumboni, mvuke umeingia mapafuni na kupita kwenye damu. Havikutani njiani.

Kuna retoti, kile chuma cha kuchomea kilichofungwa. Mvuke unapita kwenye bomba, unapoa, zebaki inadondoka kwenye maji, unaitumia tena. Hata kwa hesabu ya mfukoni inalipa. Na figo ina subira: ukiacha kuvuta, kama miezi miwili hivi nusu ya zebaki imeshatoka, mlonge usinywe, unywe. Mwenye povu kwenye mkojo aje mezani kwangu, nina vikopo vya kupimia.