Kozi ya mwaka wa kwanza ijengwe kwenye swali moja (mhadhara kwa walimu wa vyuo, Moshi)

Habarini za asubuhi walimu wenzangu, na nyie mliotoka Arusha alfajiri poleni na safari. Naenda moja kwa moja kwenye hoja. Hii kozi ya jumla tunayotaka kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aisome, awe wa uhasibu, wa ualimu au wa maabara, mimi naomba tusiijaze mada, tuijenge juu ya swali moja tu.

Maana rasimu nnazoziona zinafanana, wiki ya kwanza falsafa, ya pili historia ya Afrika, ya tatu mazingira, ya nne tehama, yaani kila idara inapenyeza kipande chake isionekane imeachwa. Sasa huyu kijana katoka fomu siksi, GS, lile somo la General Studies, ameisoma miaka miwili kwa staili hiyohiyo, akikuta tunamrudishia kilekile anatafuta madesa ya mwaka jana anakariri anafanya UE, mtihani wa mwisho wa chuo, basi, na kwakweli siwezi kumlaumu.

Kozi za namna hii hazikuanza hivyo. Columbia kule New York walianza yao 1919, vita kuu imetoka kuisha, wakitaka vijana waielewe dunia waliyoachiwa. Kwetu ni baada ya Azimio la Arusha 1967, pale chuo cha Dar watu walibishana sana msomi anasoma kwa faida ya nani, na DS, kozi ya Development Studies, ikatokea humo. Kote kulikuwa na jambo linalowauma watu.

Sisi huku chini ya mlima jambo tunalo: maji ya Kilimanjaro ni ya nani?

Muulize mwanafunzi maji yanatoka wapi, atakwambia theluji. Ni kweli barafu ya kileleni imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, ila maji mengi ya mito na chemchemi zetu yanatokana na mvua inayonyesha ukanda wa msitu, kwahiyo kitu alichokiamini tangu shule ya msingi inabidi sasa akitafutie ushahidi. Hapohapo unamletea Rebmann, mmisionari aliyeripoti theluji hapa 1848, msomi mmoja wa London anaitwa Cooley akabisha kwa miaka bila kukanyaga huku, wakati wenyeji walikuwa wanaiona kila mawingu yakifunguka. Nani anaaminiwa na kwanini? Hiyo ni falsafa tayari, na hujaitaja jina.

Afu wapeleke kwenye mfongo, mfereji wa asili wa Wachaga wa kumwagilia. Wakaone mifereji iliyochimbwa kabla ya mkoloni, wamsikilize mzee anaeleza zamu zinavyopangwa na nani anakuja kusafisha, wapime lita kwa sekunde, wapige hesabu zinatosha migomba kiasi gani. Wakirudi wasome Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inayosema maji ni mali ya umma, halafu wajibu: mzee aliyerithi zamu kwa babu yake anaambiwa nini? Na aliyeko kule chini bonde la Pangani, na umeme wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na mashamba ya miwa kule Arusha Chini? Hapa mwanafunzi wa uhasibu na wa biolojia wanahitajiana kweli, hakuna anayebembelezwa kushiriki.

Wenzetu wa Arusha swali lao linaweza kuwa ardhi, wao wana kesi ya Wameru waliofukuzwa na mkoloni Engare Nanyuki 1951 hadi mwenzao Kirilo Japhet akaenda kuwatetea Umoja wa Mataifa 1952. Nyaraka zipo, na vijiji vyenyewe vipo.

Suala la lugha nalisema waziwazi: semina ziruhusu Kiswahili. Tumewaona watoto wenye akili wamekaa kimya mwaka mzima kwa kuogopa kuchekwa Kiingereza chao, waandike Kiingereza sawa, ila kubishana wabishane kwa lugha wanayoiweza.

Na maksi, tafadhali, zisiwe zote kwenye mtihani. Kila mmoja aandike kurasa nne, arudishiwe na maoni, aandike tena, na maksi kubwa iwe kwenye ile ya pili. Najua ni kazi nzito ukiwa na darasa la watu mia tatu, ndo maana naomba vyuo vitoe wasaidizi wa semina kabla ya kununua projekta mpya.

Rasimu ya wiki sita za kwanza iko pale mlangoni, chukueni. Walimu wa fizikia naomba mbaki kidogo, ile njia ya kupima maji ya mfongo bado hatujakubaliana.